Askari wale walistahili kuiona ripoti

Wengi walioifuatilia kesi ya askari jela wawili waliokuwa zamu usiku aliokufa Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyekuwa mahabusu kwa tuhuma za biashara ya ngono ya wasichana wadogo, Agosti 10, 2019, waliifuatilia kwa sababu ya Epstein. Mimi kilichonikaa kichwani ni kitu ambacho magazeti yalikipa aya mbili tatu tu: mvutano wa kabla ya kesi kusikilizwa, juu ya nyaraka ambazo utetezi uliziomba na ukanyimwa.

Mashtaka hayakuwa ya mauaji. Novemba 2019 askari hao, mwanamke na mwanamume, walifikishwa katika mahakama ya shirikisho New York kwa kughushi kumbukumbu za gereza la mahabusu la MCC, Manhattan. Utaratibu ulitaka kitengo kile kikaguliwe kila nusu saa, na wafungwa wahesabiwe kwa saa maalumu usiku kucha. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, hakuna aliyehesabu. Meza ya askari ilikuwa kama mita nne na nusu tu kutoka seli ya Epstein. Walikaa hapo wakiangalia fanicha na pikipiki kwenye intaneti, na kuna muda wa karibu saa mbili walionekana kama wamelala. Fomu, hata hivyo, zilijazwa vizuri na kutiwa saini, ukaguzi zaidi ya 75 ambao haukufanyika.

Mtu wa namna hiyo anajitetea vipi? Hawezi kudai alipita, kamera ya eneo la pamoja inamsuta. Kilichobaki ni kueleza gereza lilivyokuwa likiendeshwa. Mwanamume alikuwa kwenye kazi ya ziada siku ya tano mfululizo, na ajira yake ya kawaida haikuwa hata ya kulinda seli. Mwanamke alikuwa ameunganisha zamu mbili. Ndipo wakili wa mwanamume akaomba apewe ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria, anayechunguza makosa ndani ya wizara hiyo, ripoti iliyokuwa bado jikoni, pamoja na nyaraka za Idara ya Magereza kuhusu uhaba wa askari na watumishi wengine waliojaza fomu kwa mtindo huohuo. Waendesha mashtaka wakapinga. Mwaka 2020 Jaji Analisa Torres akalitupa ombi hilo.

Sheria ya Marekani si bubu hapa. Tangu hukumu ya Brady dhidi ya Maryland ya mwaka 1963, upande wa mashtaka hauruhusiwi kuficha ushahidi wenye uzito unaomsaidia mshtakiwa, na Kanuni ya 16 ya mashauri ya jinai ya shirikisho inampa haki ya kuona nyaraka zilizo mikononi mwa serikali na zinazohitajika kuandaa utetezi. Ugomvi wa kesi hizi huwa kwenye vizingiti viwili. Je, karatasi hiyo ina uzito kwa utetezi? Na je, iko mikononi mwa wanaoshtaki?

Kwenye la kwanza nakubali mashtaka walikuwa na hoja. Mwenzako kughushi hakukufanyi wewe usiwe umeghushi. La pili ndilo linalonikera. Idara ya Magereza ya shirikisho iko chini ya Wizara ya Sheria. Waendesha mashtaka wa Manhattan wako chini ya wizara hiyohiyo. Mkaguzi Mkuu ni wa wizara hiyohiyo, na wapelelezi wake walishiriki katika upelelezi uliozaa mashtaka. Halafu wakili akiomba karatasi anaelezwa kuwa hii ni ya ofisi nyingine! Mwajiri ndiye anayelalamika, ndiye anayetunza kanda na madaftari ya zamu, na ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutaka lawama iishie kwa askari wa ngazi ya chini.

Huku kwetu Mahakama ya Rufani ya Kenya ililisema jambo hili mwaka 2008 katika rufaa ya Cholmondeley, kwamba upande wa mashtaka unapaswa kumpa mshtakiwa ushahidi ulio nao, hata ule usiokusudia kuutumia. Ibara ya 50(2)(j) ya Katiba ya 2010 nayo inampa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Lakini nani anayeshika daftari la gereza? Swali hilo linamngoja kila askari jela anayekamatwa pale mfungwa anapotoroka.

Kesi ya Manhattan haikufika kusikilizwa. Mei 2021 askari wale walifikia makubaliano na waendesha mashtaka: wakakiri kuwa walijaza fomu za uongo, wakapangiwa saa 100 za kazi za jamii, kisha kesi ikafutwa. Sharti mojawapo lilikuwa washirikiane na uchunguzi wa Mkaguzi Mkuu. Yaani waisaidie kuandikwa ripoti ileile waliyonyimwa.

Ripoti ikatoka Juni 2023. Watumishi zaidi ya 70 walikuwa wameandikiwa barua pepe kwamba Epstein asilale peke yake seli. Mwenzake akahamishwa Agosti 9, hakuletwa mwingine. Kamera nyingi zilikuwa hazirekodi tangu mwisho wa Julai. Na watumishi wengine walikutwa wametengeneza kumbukumbu za uongo, ila waendesha mashtaka wakaamua kutowashtaki. Huwezi kuniambia wazee wa baraza, raia wanaoamua kesi kule Marekani, wasingetega sikio hapo.

Najua nitaulizwa mbona nawahurumia askari jela. Swali halali. Desemba 2024 mfungwa Robert Brooks alipigwa na askari jela hadi kufa katika gereza la Marcy, jimbo la New York, mikono imefungwa nyuma, na kamera za mwilini zilirekodi bila wahusika kuziwasha. Pale uhaba wa watumishi haukuwa kisingizio cha lolote. Tena kuna hatari nyingine. Sheria ya jimbo hilo, iliyoanza Januari 2020, inataka mashtaka wakabidhi ushahidi ndani ya siku 20 kama mshtakiwa yuko rumande, 35 kama yuko nje, yakiwemo majina ya wenye taarifa. Kwenye kesi ya askari jela, mwenye taarifa mara nyingi ni mfungwa, na anayemfungia mlango usiku ni rafiki wa mshtakiwa. Jina lake lizuiwe kwa amri ya mahakama, ahamishwe gereza kwanza, ndipo wakili aambiwe.

Lakini orodha ya zamu haipigwi na mtu usiku. Barua pepe za mkuu wa gereza hazina ubavu wa kuvunjwa. Hizo zikabidhiwe zote, na pale serikali inapodai kuna siri, jaji azisome mwenyewe ofisini kwake kabla ya kukataa.