Ukianguka mbele ya kocha wa maisha, nani anakuokota?

Daftari lenyewe ninalo mpaka leo. Jalada la kijani, aina ile ya watoto wa shule. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Siku 90 za kuinuka upya." Chini yake kuna malengo saba, kisha kila siku ina mistari mitatu: nimeamka saa ngapi, nimefanya nini, nimeshukuru nini. Mpaka siku ya tisa mwandiko umenyooka. Siku ya kumi umeanza kupinda. Siku ya kumi na moja kaandika "nimeamka" basi, saa hakuna. Baada ya hapo ni kurasa tupu.

Ni la mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeuza vitenge Kariakoo. Mimba yake iliharibika ikiwa na miezi saba, na miezi minne baadaye alikuwa bado halali, chakula anakigusa tu, dukani anakwenda siku moja kwa wiki. Sisi ndugu tulisema "ana mawazo" tukaona tumemaliza. Rafiki yake akamwunganisha na kocha wa maisha, akalipia vikao sita. Kila alipokwama aliambiwa anajitetea, kwamba wanaofanikiwa hawana visingizio. Aliyekuja kumwuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, na kama amewahi kutamani kufa, ni daktari wa kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Wakati huo tulikuwa tumeshachelewa wiki nyingi. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Wapo wanaosikia kisa kama hiki na kuhitimisha kwamba makocha wa maisha wote ni matapeli, wapigwe marufuku. Siwezi kwenda nao huko. Wapo pia wanaosema kocha, mlezi na mtaalamu wa tiba ya mazungumzo wote wanazungumza na watu, kwa hiyo tofauti yao ni ya majina tu na bei. Hao nao nawakatalia, na kwa nguvu zaidi.

Maelezo yanayosambaa ni kwamba tiba inaangalia jana, ukocha unaangalia kesho, na mlezi, yule ambaye vijana wa biashara humwita menta, anakupitishia uzoefu wake. Yanapendeza kwenye tangazo. Ukiingia chumbani yanavunjika. Tiba aliyoianzisha Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, kule Philadelphia miaka ya 1960, ambayo leo ni kati ya zinazotumika zaidi duniani kwa sonona na wasiwasi, haianzi kwa kuchimba utotoni. Inaanza na wiki hii: ulipata wazo gani Jumanne, ukaliamini, ukafanya nini. Tena ina kazi ya nyumbani. Mdogo wangu kule hospitalini alipewa daftari jingine! Naye akaliandika siku chache, akaacha.

Hapo ndipo nilipoiona tofauti kwa macho yangu. Kocha alipoona kurasa tupu alisoma uvivu. Mtaalamu alipoona kurasa tupu alisoma dalili. Akapunguza kazi ikawa jambo moja kwa siku, kutoka nje na kukaa juani dakika kumi, akamrudisha pia kwa daktari waangalie dawa. Kurasa tupu zinafanana, macho ndiyo tofauti.

Ukocha umejengwa juu ya imani moja: kwamba aliye mbele yako ni mzima, ana nguvu, na majibu anayo mwenyewe, kazi ya kocha ni kumwuliza maswali mpaka ayaone. John Whitmore, Mwingereza aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, ndiye aliyeeneza ule mpangilio wa hatua nne ambao makocha wengi wanautumia: lengo lako ni lipi, hali halisi ikoje, njia zipo zipi, na utafanya nini. Kwa mtu aliyekwama kazini, anayetaka kubadili biashara, anayeogopa kuongea na bosi wake, maswali hayo manne yanaweza kumfungua kuliko mwaka mzima wa kulalamika. Nimewaona watu wa namna hiyo, na siwezi kusema wamepoteza pesa yao. Lakini sonona inakula hasa kile ambacho kocha anakichukulia kuwa kipo: hamu, nguvu za kuanza, imani kwamba kesho inakuja. Kumwuliza mtu huyo "utafanya nini?" ni kumdai akiba ambayo imeshaibwa.

Mlezi ni jambo jingine kabisa, na kwetu si geni. Pwani ya Waswahili msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyemfunda kabla ya kuolewa na aliyeendelea kuwa wake baada ya harusi. Ndoa ikiyumba, somo anaitwa. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, kwao alijulikana pia kwa kufundisha unyago. Watu kama hao hawakuwa na cheti, ila walikuwa na kitu ambacho washauri wengi wa leo hawana: wanajulikana nyumbani. Somo akipotosha, mama yako anajua mlango wa kubisha. Mlezi anakupa vyake mwenyewe, yaani uzoefu, jina lake, na watu anaowafahamu, naye anakuombea nafasi pale ambapo wewe hutafika. Wala hajifanyi hana upande. Udhaifu wake ni huo huo: anajua njia aliyopita yeye tu. Akikutana na jambo ambalo halikumpata, atakuambia "vumilia, hata sisi yalitukuta," na wakati mwingine hayakuwakuta.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Upande wa kwanza unataka mipaka ya kisheria. Kenya wamefika mbali: tangu 2014 wana Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili. Hoja yake naiona nzito. Mtaalamu aliyesajiliwa ana wajibu wa kutunza siri, ana kiwango cha elimu alichopimwa, na akikudhuru kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Tulipotaka kulalamika kuhusu yale malipo na yale maneno, hatukujua tuanzie wapi. Mtu yeyote anaweza kuamka kesho akajiita kocha. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, linatoa ithibati yake ya ngazi ya kwanza kwa aliyesoma angalau saa 60 na kufanya kazi hiyo saa 100, na maadili yake yanamtaka kocha ampendekezee mteja msaada mwingine inapobidi. Ni vizuri, ila ni hiari. Asiyejiunga nalo hakatazwi kufungua mlango.

Upande wa pili unauliza: mkishafunga milango hiyo, watu waende wapi? Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu 61,741,120 katika sensa ya 2022, na wataalamu wa afya ya akili ni wachache mno kwa umati huo, wengi wao wakiwa mijini. Halafu kuna aibu. Jina Mirembe, hospitali ya Dodoma, limegeuzwa tusi mitaani, kama Mathari ilivyogeuzwa kule Nairobi. Mdogo wangu alikwenda kwa kocha kwa sababu angeweza kumwambia mumewe anakwenda kwa kocha. Asingethubutu kusema anakwenda kliniki ya akili. Tena wataalamu nao wana makosa yao: foleni ndefu, mazungumzo yenye Kiingereza kingi, na tabia ya kuona ugonjwa mahali palipo na njaa tu. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana kazi anaweza kuwa na huzuni ya haki kabisa. Huyo anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumwingiza mahali, kabla hajahitaji mtu wa kumsikiliza.

Tena upande huu una ushahidi, na wa nguvu. Wakati wa VVU tuliwaona wauguzi na watu wa kawaida waliopewa mafunzo wakikaa kwenye vituo vya ushauri nasaha kama Angaza, wakimwambia mtu jibu ambalo lingeweza kumvunja, na wakabaki naye. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, msichana aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kuja kumwona. Mwaka 2006 akaanza na akina bibi 14 pale Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwanzoni lilikuwa benchi la afya ya akili na watu wakaliogopa. Bibi wenyewe ndio waliosema liitwe Benchi la Urafiki. Hawakutumia neno sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, yaani yale yale "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulifuatilia watu 573 katika zahanati 24: baada ya miezi sita, waliopitia benchi wenye dalili za sonona walikuwa chini ya 14 katika kila 100, wakati kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu. Wazo hilo limeshavuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Watetezi wa makocha hupenda kuutaja mfano huu, kwamba bibi asiye na digrii amefanya tiba. Amefanya kweli. Ila tazama vizuri benchi lile limewekwa wapi: nje ya zahanati. Bibi ana orodha ya maswali aliyofundishwa, ana msimamizi, na akisikia neno la kujiua hamtii moyo akamwachia hapo, anamwita muuguzi. Hajiuzi kwa ahadi ya siku 90. Kilichomfanya aaminike si elimu ndefu, ni kwamba anajua uwezo wake unaishia wapi na nyuma yake yupo nani.

Kwa hiyo mimi siungi mkono kumfungia kila kocha na kila mlezi. Jina la tiba ndilo lilindwe: asiyesajiliwa asitangaze kwamba anatibu sonona, kiwewe wala uraibu. Na anayelipisha watu kwa kazi ya kuzungumza nao, aitwe jina lolote lile, awajibike kujua dalili za hatari na kutoa rufaa. Kwenye mpira tunalielewa hili bila kufundishwa. Mchezaji akianguka ameshika goti, kocha haingii uwanjani kumkanda, anamwita daktari wa timu, na hakuna shabiki anayesema kocha ameshindwa kazi.

Nilimpigia simu yule kocha wa kwanza, nikiwa na hasira. Hakuwa mtu mbaya. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Dada, sikujua kama hayo ni maradhi. Mimi nilifundishwa kutokukubali visingizio." Nilimwamini, na ndicho kilichonitisha.

Tangu hapo nina swali moja ninalomwuliza kila anayejiita kocha kabla sijampelekea mtu: mara ya mwisho ulimwambia mteja aende hospitali lini, na uliona nini? Mmoja alikasirika, akasema wateja wake si wagonjwa. Mwingine, mama mmoja wa Tabata, alitoa simu yake akanionyesha namba mbili, ya muuguzi wa kliniki ya afya ya akili na ya mshauri nasaha, akasema mwaka huu amewapelekea watu wanne, mmoja wao baada ya dakika ishirini za kikao cha kwanza, na pesa akamrudishia. Mdogo wangu alipopata nafuu na kutaka kupanga upya duka lake, huyo ndiye niliyempa namba yake.