Kisima kirefu cha nyumbani: hesabu huanza baada ya maji kutoka

Wanaotetea kisima kirefu cha nyumbani huanzia bustanini, na hapo wana hoja nzito. Bustani ya mita za mraba 100 ikinyweshwa kimo cha milimita 5 tu humeza lita 500, na ni vigumu kueleza kwa nini maji ya bomba la umma yaliyochujwa na kutiwa klorini kwa gharama kubwa yamwagwe kwenye majani ilhali mimea haihitaji usafi wa kiwango hicho. Hoja hiyo naikubali, ila kwa sharti moja: chumvi ya maji ipimwe kwanza, kwa kuwa maji ya chumvi huharibu udongo polepole, na mwenye bustani hugundua akiwa amechelewa.

Maji hayohayo yakivutwa hadi jikoni, hoja hubadilika. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 1.5 za floraidi na miligramu 0.01 za aseniki kwa lita moja ya maji ya kunywa, na hakuna jicho wala ulimi unaoweza kutambua kwamba viwango hivyo vimepitwa. Bangladesh ilichimba visima vya bomba kwa wingi ili watu waepuke vijidudu vya maji ya madimbwi. Mwaka 1993 ndipo aseniki ilipobainika katika visima hivyo. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na sumu hubaki. Kwa hiyo anayesema “maji yangu ni safi, yanatoka chini kabisa” hajasema lolote mpaka aonyeshe majibu ya maabara.

Wapinzani nao huuliza maji hayo ni ya nani. Ukuta wa kiwanja haushuki hadi kwenye tabaka lenye maji, na pampu ya jirani mmoja huteremsha maji ya mwingine. Pwani hatari ni kubwa zaidi: maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, na kanuni ya makadirio inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 chini yake. Ukiishusha ile mita moja kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi hupanda kwa uwiano huohuo. Hata hivyo, wapinzani hawa husahau kwamba bomba la umma mara nyingi hutegemea visima vilevile, hivyo kuzuia vya watu binafsi pekee hakuondoi tatizo.

Kwangu mimi, udhaifu mkubwa uko kwenye matunzo. Mara nyingi pampu hununuliwa kabla kisima hakijapimwa kinatoa maji kiasi gani kwa saa. Ikiwa na nguvu kupita uwezo wa kisima, huvuta mchanga, hukauka ikiwa inazunguka, kisha huungua, na lawama humwangukia fundi wa umeme. Kipimo cha kutosha ni cha saa kadhaa za kuvuta mfululizo huku kina cha maji kikiandikwa, na karatasi hiyo ina thamani kuliko dhamana ya pampu. Miaka ikipita, ikiwa maji yaliyotulia yako kwenye kina kilekile lakini yanashuka zaidi pampu inapovuta kiasi kilekile, inaelekea matundu ya mabomba ya chini yameziba kwa chokaa au kwa ute wa bakteria wanaoishi kwa chuma kilichomo majini, na kisima kinaweza kusafishwa. Ikiwa maji yaliyotulia yenyewe yanashuka mwaka hadi mwaka, kusafisha ni kupoteza fedha.

Kutofautisha hali hizo mbili kunahitaji bomba jembamba linaloshushwa kando ya pampu, la kupitishia kamba ya kipimo. Mchimbaji anayekataa kuliweka asipewe kazi.