Zuu Dodoma ya nini na Ruaha ipo? Nilisema hivyo alafu nikajishtukia

Mpwa wangu wa Ipagala ana miaka tisa, juzi kaona video ya ile safari paki ya San Diego kule Marekani, twiga na vifaru wanatembea kwenye uwanda mpana kama porini, akaniuliza anko mbona Dodoma hatuna? Nikajibu haraka haraka, zuu ya nini na hifadhi ya Ruaha ipo hapo tu ukipita Mtera. Hapo tu wapi, kilomita kama 260 mpaka Iringa mjini alafu bado zaidi ya 100 za mbele, na mi mwenyewe sijawahi kufika.

Wanaosema zuu ni za wazungu sisi tuna pori wana hoja ila wanasahau usafiri. Kiingilio cha mzawa ni hela ndogo, kinachoua ni gari, huingii na bodaboda kule, ukodi, mafuta, pa kulala, mshahara umekata. Wengi wetu tembo tumemwona dirishani basi likipita Mikumi, tena halisimami.

Ila nalo hilo neno makazi ya asili, wanalosifia zuu kubwa kama ya San Diego, tusilimeze zima zima. San Diego ni ekari 1,800, yaani kilomita za mraba saba na kitu, Ruaha ni kama 20,000. Na kwa maji yetu haya ya mgao, umchimbie kiboko bwawa mtaa mzima umepanga madumu?

Kinachonibana ni vyura wa Kihansi. Waligundulika 1996, vyura wasiotaga, wanazaa, wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, bwawa la umeme likayakata manyunyu. Mwaka 2000 karibu 500 wakapelekwa zuu ya Bronx, New York, kufika 2009 porini wametangazwa hawapo tena, waliokuwa zuu ndo wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, wakaanza kuachiwa korongoni 2012. Hapo pori lisingesaidia kitu maana pori lenyewe ndo lilikauka.

Kwa hiyo mi zuu ya kutunza viumbe wetu wanaoelekea kuisha naiunga mkono, hata iwe chumba kimoja. Ya chui milia wa kupigia selfi hapana, hela hiyo ikodi Kosta watoto wa shule waende Ruaha.

Nikamweleza mpwa, akauliza huyo chura mkubwa kiasi gani, nikamwonyesha ukucha wa kidole gumba. Akaguna. Yeye anataka simba.