Msimu Ukikaribia, Tuanzie Chini ya Gari

Kila msimu wa mbio za magari unapokaribia, swali linalozunguka kwenye gereji zetu za hapa Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Buhongwa, ni moja: umeongeza nini? Turbo kubwa zaidi, ringi mpya, kompyuta ya injini imechezewa? Mimi ningependa tuulizane kitu kingine: umefungua nini? Gari lililomaliza msimu uliopita, likasimama miezi kadhaa, kisha likapigwa rangi na kubandikwa stika za wadhamini, bado ni lile lile lililopigwa na mawe mwaka mzima. Rangi haijakaza nati hata moja.

Nawasemea wenzangu tunaoshindana kwa pesa za mfukoni. Gari letu mara nyingi ni Impreza au Lancer iliyopita mikono mingi, na spea zake tunazifuata Dar es Salaam au Nairobi. Kwa bajeti ya namna hiyo, msimamo wangu ni huu: pesa ianzie chini ya gari, iende kwenye breki, ipite kwenye mfumo wa kupooza injini, imalizie kwenye vitu vinavyomlinda dereva na msoma ramani wake. Nguvu ya injini ije mwisho kabisa. Ikiwa pesa imeisha kabla ya kufika huko, basi msimu uanze bila hiyo nguvu.

Naelewa kishawishi kinatoka wapi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Dereva anausikia huo upungufu kila anapokanyaga mafuta. Lakini historia ya mbio za ukanda wetu haikuandikwa na wenye injini kubwa peke yao. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Miaka yote miwili mshindi alikuwa mtu yule yule, Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam akashinda mara mbili mfululizo, naye kwa 404. Hilo ni gari la familia lenye injini ya lita 1.6! Liliwapita wenye nguvu kwa sababu lilibaki zima.

Haya, chini ya gari. Kazi ya kwanza ni kuosha, na kuosha kweli. Ukiacha lami pale Kisesa au Usagara unaingia kwenye moramu, halafu mawe ya itale yaliyochomoza, halafu udongo mweusi wa mbuga ambao ukikauka kwenye chasisi unakuwa mgumu kiasi cha kuficha ufa. Fundi hawezi kuona nyufa kwenye sehemu iliyochomelewa kama imefunikwa na tope la mwaka jana. Gari likishakuwa safi, likae juu ya stendi imara, jeki peke yake isiaminiwe, na matairi yote manne yatoke. Hapo ndipo bushi, boljointi, tairodi, shokapu na mipira ya sivijointi (jointi zinazopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) inapokaguliwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mpira wa sivijointi ukichanika kidogo tu, vumbi letu litaingia kwenye grisi na kuila jointi kabla ya nusu ya mashindano.

Kuna jambo dogo ambalo natamani kila timu ilifanye. Nati ya muhimu ikishakazwa kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, chora mstari wa rangi unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma inachokishika. Katikati ya mashindano, mtu akichungulia kwa tochi na kukuta mstari umekatika, anajua nati imezunguka. Hahitaji kugusa kitu. Na nati zenye nailoni ndani zisirudishwe zikishafunguliwa, maana ule mshiko wake unapungua kila zinapotumika tena. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mkono wa usukani unaochomoka kwenye kona.

Kwenye breki nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona uzembe unaoniumiza. Pedi tunabadilisha, sawa. Mafuta ya breki je? Mafuta haya yanavuta unyevu kutoka hewani, hata gari likiwa limesimama tu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji hadi kiwango kinachotumika kuyapima, kima cha chini kinashuka hadi nyuzi 155. Yale ya daraja la chini yake, DOT 3, yanaanzia 205 na kushuka hadi 140. Ukiteremka mlima wenye kona nyingi, ukikanyaga breki mfululizo, joto hilo linafikika. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Pedi mpya hazitakusaidia kitu hapo. Kwa hiyo mafuta ya zamani yamwagwe yote na hewa itolewe kwenye mirija ya breki ya kila tairi. Na ile chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki kwenye rafu ya gereji, isirudi kwenye gari la mashindano kamwe.

Kwenye kupooza injini nina ugomvi na mazoea ya mafundi wetu, ambao nawaheshimu sana. Injini ikichemka, wengi wanang'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kusema nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Injini isiyo na thamostati inachelewa kufikia joto lake la kazi, oili inabaki nzito, na vyuma vinalika haraka. Kilichosababisha ichemke bado kipo palepale. Kabla ya kung'oa chochote, tazama kifuniko cha rejeta. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96, siyo 100. Ni presha inayoshikiliwa na kile kifuniko ndiyo inayoyafanya yavumilie zaidi. Mpira wake ukichoka, presha inatoka na injini inachemka mapema. Na tuache kujaza maji ya bomba. Tuweke kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, ili njia zake zisizibe kwa kutu.

Vumbi: eya klina mpya, basi.

Mikanda ya kiti ya mashindano ina tarehe ya mwisho iliyoshonwa kwenye lebo yake. Aliyeuziwa mikanda ya mtumba asome lebo hiyo kabla ya kulipa, kwa sababu jua na vumbi huzidhoofisha nyuzi zake hata kama rangi bado inang'aa. Mtungi wa kuzimia moto ufungwe kwa boliti mahali ambapo dereva na msoma ramani wote wawili wanaufikia wakiwa wamefunga mikanda.

Halafu kuna suala la kulijaribu gari. Sitanyamaza kuhusu wanaofanya majaribio usiku kwenye barabara ya Musoma, kati ya daladala, bodaboda na wafanyabiashara wanaorudi nyumbani. Wakuu, hiyo siyo maandalizi. Tuombe kibali, tutafute eneo la wazi, tulifunge, tuweke watu wa kuzuia. Na hata siku ya mashindano watoto wa vijijini wanapanda kwenye mawe kutuangalia kwa furaha yote. Wao hawajui kama breki zako zina mafuta mapya. Sisi tunajua, na hilo ni deni letu kwao.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandaaji na vilabu vya kanda yetu. Ukaguzi wa magari usiachwe hadi jioni ya kuamkia mashindano, wakati kila mtu ameshalipa ada na hakuna mkaguzi mwenye moyo wa kumrudisha mtu nyumbani. Ufanyike ukaguzi wa awali wiki mbili kabla, gari likiwa juu ya stendi, matairi yametoka, fundi na msoma ramani wakiwepo. Atakayekutwa na kasoro atakuwa na muda wa kuagiza spea na kufunga. Vilabu vinunue mafuta ya breki kwa pamoja ili bei ishuke, na spana ya kipimo iwe moja ya klabu inayozungushwa kwa wasio nayo. Msimu huu tunaweza kuanza na hayo mawili.