Shemeji na sigara yake ndo anifundishe mimi mionzi?

Naombeni mnishauri kabla sijavunja undugu na watu. Jana usiku nimejikalia zangu kwenye kochi, simu iko chaji, sina ugomvi na mtu, mara kwenye taarifa ya habari wakaonyesha kinu cha nyuklia, ile minara minene iliyobinywa kiunoni kama mtungi, juu inatoa wingu jeupe. Shemeji yangu, huyu mdogo wake mke wangu aliyekuja kukaa wiki moja na sasa anaingia mwezi wa tatu, akashtuka kama kakanyaga nyoka. "Shem unaona ule moshi? Mionzi mitupu ile!" Na sigara iko mdomoni, moshi unapita katikati ya maneno.

Nikamwambia kistaarabu kabisa, ule ni mvuke wa maji bana, na wala maji yenyewe hayajagusana na urani, yale madini ambayo ndo mafuta ya kinu. Kinu cha nyuklia ni birika tu, birika la gharama sawa, lakini birika. Atomi za urani zinapasuka, joto linapatikana, maji yanachemka, mvuke unazungusha tabo, yaani turbine, umeme unatoka. Mtambo wa makaa ya mawe nao ni birika hilohilo, tofauti ni ulichowasha chini yake, na mingine nayo ina minara hiyohiyo. Akasema "mionzi haionekani shem, ndo ubaya wake."

Mi nikaona hapa nimempata. Nikamwuliza unajua hiyo tumbaku unayovuta ina poloniamu 210? Inatoa mionzi kabisa, umeinunua kwa hela yako, unaipeleka kwenye mapafu kwa mkono wako mwenyewe. Akaitoa sigara mdomoni, akaiangalia mbele, akaiangalia nyuma, akairudisha.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini mi mdomo wangu nao, nikaendelea, nikasema mionzi iko kila mahali, hata mwili wa binadamu una potasiamu 40, hata dada yako hapo anatoa mionzi. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo. Kasikia hiyo ya mwisho tu. Sitaki kuielezea dakika kumi zilizofuata.

Kinachoniuma ni kwamba makaa ya mawe hakuna anayeyasema. Mtambo wa megawati 1,000 unakula tani kama milioni 3 za makaa kwa mwaka, yaani matreni kwa matreni, wakati kinu cha nyuklia cha ukubwa huohuo kinatumia tani kama 27 za mafuta ya urani. Kipande kimoja cha urani, kadogo kuliko kipisi alichoshika shemeji, kina joto la kama tani nzima ya makaa. Na hayo makaa yakiungua hayapotei, yanageuka hewa ukaa, masizi, salfa, zebaki, na jivu, na humo kwenye jivu kuna urani na thoriamu za asili zinazotoa mionzi, zilizokuwemo kwenye makaa tangu ardhini! Mwaka 1978 watafiti wa maabara ya Oak Ridge kule Marekani walipiga hesabu wakaona jirani wa mtambo wa makaa anaweza kupata mionzi mingi kuliko jirani wa kinu cha nyuklia kinachofanya kazi sawasawa. Yote ni kidogo, sikatai. Lakini anayekimbia mionzi anakimbilia wapi sasa?

Shemeji akatoa lile jiwe lake. "Na Chernobyl je?" Nilijua tu. Sawa, Aprili 1986 kule Ukraine kinu kililipuka, kinu kilichojengwa vibaya, kimeendeshwa vibaya, hakina hata lile ganda la zege la kuzuia mionzi kutoka nje. Walikufa watu kama 30 miezi ya mwanzo, na mwaka 2005 WHO na wenzao wakakadiria kwa wale waliopata mionzi mingi zaidi vifo vinaweza kufika 4,000 mpaka mwisho wa yote. Ni msiba, sibishi. Ila London Desemba 1952, moshi wa makaa wa majumbani na mitamboni ulikaa juu ya mji siku 5, na makadirio ya wakati ule ni vifo 4,000 vilevile, waliokuja kurudia hesabu baadaye wakasema 12,000. Siku tano! Na ukitaja makaa ya mawe shemeji hata hapepesi jicho.

Hesabu za Our World in Data, ile tovuti ya takwimu za dunia, zinasema chukua mji wa watu 150,000 huko Ulaya, umeme wao wote ukitoka kwenye makaa watakufa mapema watu kama 25 kila mwaka, ukitoka kwenye nyuklia utangoja miaka kama 33 afe mmoja, na hapo Chernobyl na ile ajali ya kinu cha Fukushima kule Japani zimeshahesabiwa. Hewa ukaa ndo usiseme, IPCC, wale wataalamu wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, waliweka gramu kama 820 kwa uniti moja ya umeme wa makaa, nyuklia 12. Halafu Ujerumani Aprili 2023 wakazima vinu vyao vitatu vya mwisho huku mitambo ya makaa bado inafuka. Ni kama shemeji ayaonee huruma mapafu yake, aache maji ya kunywa, abaki na sigara.

Akauliza takataka zake je. Hilo swali zuri, nilimpa haki yake. Lakini zile ni yabisi, zimehesabiwa, zinajulikana ziko wapi, Wafini wamechimba handaki la Onkalo zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wazifukie. Za makaa zimefukiwa kwenye vifua vya watu.

Hapo ndo mke wangu akaingia, bado ana hasira za ile mionzi. "Kama ni nzuri hivo mbona hawajengi?" Nikalazimika kusema ukweli, ni ghali na wanachelewa, kinu kipya cha Flamanville kule Ufaransa walianza 2007 wakisema 2012 tayari, kikaja kuingia kwenye gridi Desemba 2024. Akaniangalia vileee. "Baba watoto, na banda la kuku ulianza lini?"

Shemeji akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatafuta maji.

Leo asubuhi namkuta nje kakalia mbao za banda, anavuta. Kaniita kwa upole ambao sijawahi kuusikia. "Shem, ile poloniamu... na hizi za menthol nazo imo?"