Ukimya wa Leipzig haujanipa hata ubeti

Jumapili iliyopita jirani wa ghorofa ya chini alinibandikia karatasi mlangoni. Kwa adabu kabisa, na kwa mwandiko mzuri, alinikumbusha kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo, saa tano, alisikia mtu akiimba huku akipiga meza. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa natafuta mizani ya shairi, na mizani siipati bila kutoa sauti. Hapa Ujerumani kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa za kimya, na Jumapili ni kutwa nzima. Huruhusiwi kutoboa ukuta, huruhusiwi kukata majani kwa mashine, hata chupa tupu huruhusiwi kwenda kuzitumbukiza kwenye pipa la mtaa kwa sababu zinalia.

Karatasi yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni jibu la mfanyakazi mwenzangu nilipomsimulia. Akasema, lakini wewe unaandika mashairi, si ndiyo bahati yako? Umepewa kimya chote hiki, uko wewe tu na mawazo yako. Watu wanalipa hela nyingi kukodi vibanda porini ili wapate kimya hicho hicho. Binamu zangu wa Dar nao wana wimbo huo huo kila nikipiga simu: "Kaka, huko umetulia, hakuna mgao, hakuna kelele, si utakuwa unatoa vitabu tu."

Sitoi kitabu. Nikikaa na kalamu katika ukimya huu, yanayokuja ni maneno niliyowahi kuyasikia kwa watu, na yakiisha, kalamu inasimama. Ndiyo maana nasema wazi: msukumo wa kutunga unatoka kwa mtu anayekujibu. Anaweza kukusifu, kukubishia au kukuchekea usoni, lakini lazima awepo na akujibu.

Nimekulia Manzese, Dar, kwa hiyo nimeviona vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, tangu vinaanza. Spika zimepangwa mpaka usawa wa bati, MC ameshika maiki, mbele yake mama mtu mzima anamtunza noti ya elfu mbili huku akimnong'oneza jina la kutajwa. MC hajui mstari utakaofuata. Amepewa jina, amepewa na kisa kidogo cha mtaani, anatunga palepale. Vigelegele vikipanda, anaurudia ule mstari na kuuongezea mkia. Wanawake wakinyamaza, anautupa na kushika mwingine kabla mapigo hayajamwacha, na mapigo yenyewe yanapita 200 kwa dakika. Huo ni uhariri, jamani. Hakuna mhariri mkali kuliko akina mama wa Manzese saa nane za usiku. Singeli, huo muziki wa kasi, ilitokea hapo. Mwaka 2017 lebo moja ya muziki ya Kampala ilipotoa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, Wazungu wakaanza kuuita muziki wa kesho, na leo nawaona hapa wanapanga foleni kwenye baridi kwa ajili ya muziki ambao wazee wetu bado wanauita wa kihuni. Nilivyojivunia nashindwa hata kueleza.

Wala si jambo la vijana wa juzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Fumba, Unguja, alizunguka akinadi vyungu alivyofinyanga mama yake, na wanaomsimulia wanasema sauti yake ilijulikana kwanza huko, kwa kuita wateja. Alipokuwa mwimbaji mkubwa, aliyefika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba yaliyokuwa yakizungumzwa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja: hukumu za mahakamani, wakubwa walioiba, mwanamke aliyeuawa na muuaji wake akatorokea bara. Kabla yake, mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akirushiana beti na watu wa Lamu wakati miji hiyo miwili ikigombana. Ukiondoa Lamu, sehemu kubwa ya makali ya Muyaka haina sababu ya kuwepo. Hata kubaki kwake kulitegemea vinywa vya watu: beti zake zilikaa vichwani mwa wenyeji wa Mombasa mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya.

Kuna atakayesema mimi nimegeuza mapungufu yetu Waswahili kuwa falsafa, kwamba sanaa kubwa inataka chumba na mlango uliofungwa. Basi tuzungumze habari za mji huu huu ninaoishi. Mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach alifanya kazi Leipzig kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750. Sanamu yake imesimama nje ya kanisa la Mtakatifu Thomas na watalii wanapiga picha kwa heshima. Aliishi wapi? Ndani ya jengo la shule, pamoja na wavulana wa bweni. Alizaa watoto 20 katika ndoa mbili, nusu yao wakafa wadogo. Wanafunzi na wageni waliingia na kutoka, na mwanawe Carl Philipp Emanuel aliandika baadaye kwamba nyumba ile ilikuwa kama banda la njiwa. Miaka ya mwanzo alidaiwa kantata, yaani utungo mpya wa kuimbwa kanisani, karibu kila Jumapili, na waumini walikuwa wameshakaa wanangoja. Jumapili ya mji huu ilikuwa na kazi na sauti wakati ule. Anayedhani kwamba kimya ndicho kilichowapa Wajerumani muziki wao, aende akasome habari za nyumba ya Bach.

Najua mtakaloniambia sasa. "Amekaa Ulaya, umeme hauzimi, anatusifia kelele. Aje alale Mbagala pembeni ya baa." Nimelala pembeni ya baa, tena kwa miaka. Mziki wa baa haunijibu chochote, unanipigia tu, na sijausifia mahali popote humu. Kelele ninayoidai ni ya watu wanaosemezana.

Na wale wa "shida ndiyo mama wa ubunifu" wananikera zaidi. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli kwenye silingibodi kwa sababu ndivyo vitu alivyovimudu. Angepewa rangi bora asingekuwa mchoraji mbaya. Alichokuwa nacho cha thamani ni jamaa zake waliokaa naye Dar wakichora wakitazamana, na ndiyo maana risasi ya polisi ilipomuua mwaka 1972, miaka michache tu tangu aanze, uchoraji haukufa naye. Msimpe sifa umaskini. Umaskini ulimpunguzia.

Tena nyumbani kwenyewe tunafanya vibaya, na hili nalisema kwa uchungu wa mwenye mali. Mtu akikukuta na daftari anajua huna kazi, anakutuma dukani. Shangazi anayekupa mstari mtamu kuliko wote ndiye huyo huyo anayekunyima dakika kumi za kuuandika. MC anatunga kitu usiku, asubuhi mstari wake uko kwenye tangazo la redio, na mirabaha mnaijua habari yake. Nikiwa Manzese mistari ilinijia mingi na nikaikamilisha michache. Hapa nina meza, nina taa, nina jioni nzima, na simu haiiti. Nikipata cha kukamilisha, nakikamilisha vizuri kuliko zamani, na kwa hilo naushukuru mji huu. Mwenye kuniita mwenye maringo kwa sababu nimelisema hilo, aseme tu.

Lakini cha kukamilisha natumiwa kutoka kwenu. Shairi langu la mwisho lilitoka kwenye sauti ya WhatsApp, shangazi yangu wa Tandika akieleza ugomvi wa kikoba: nani alichukua zamu ya nani, nani aliapa kwa mtoto wa nani. Niliisikiliza jikoni mara nyingi, nikicheka na kuandika pembeni ya risiti ya sokoni.

Kwa hiyo acheni kuniambia "umetulia, andika". Nirekodieni ugomvi, nirekodieni harusi, nirekodieni konda anavyojibizana na abiria. Na nikituma ubeti kwenye kundi la ukoo msinijibu kwa kile kidole gumba cha njano. Nijibuni kwa ubeti, hata kama unanitukana, tena kama mizani yangu imepinda nitajieni mshororo wenyewe.