Walichonionyesha Red Sox kuhusu kumuuza mchezaji na kumkumbuka

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025 nilikuwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, kaskazini kidogo mwa Boston. Ilikuwa Siku ya Akina Baba, wageni walikuwa wengi, na katika ukumbi wa televisheni mzee mmoja ambaye mimi ndiye humsukumia kiti chake cha magurudumu alikuwa amevaa kofia yake ya Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, iliyopauka mpaka ile herufi B inaonekana kwa shida. Rafael Devers, mchezaji mkubwa wa timu hiyo, alipiga mpira ukavuka ukuta, Boston wakawafunga Yankees wa New York 2-0, ushindi wa tatu katika siku tatu dhidi ya mahasimu wao wakubwa, na mzee akanishika mkono akaniambia kwamba mwaka huu tutafika mbali. Dakika chache kabla ya kumaliza zamu, habari zikaja kwamba Devers ameshapelekwa San Francisco Giants. Nilipomweleza, alivua kofia, akaiweka mapajani, akawa anaipapasa ukingo wake kwa kidole gumba, na chai yake ikapoa bila kuguswa.

Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ya mashabiki wa klabu ya soka ya Simba, na huku Massachusetts niliichagua timu hii kwanza kwa sababu ya wekundu wake, kabla sijaelewa hata sheria moja ya besiboli. Usajili ninaujua tangu utotoni. Najua tetesi, najua magazeti ya asubuhi yenye picha ya mchezaji anayeshuka uwanja wa ndege, na najua uchungu wa kumwona mtu wako amevaa jezi ya upande wa pili. Hata hivyo, mambo niliyoyaona Boston kwa miaka hii yamenifanya niutazame usajili wa huku na wa nyumbani kwa jicho jingine, na nina maoni ambayo nadhani wapenzi wa mpira wa nyumbani wayapime.

Jambo la kwanza ambalo mgeni kutoka kwetu hulipata kwa mshangao ni kwamba huku mchezaji haulizwi. Katika soka, klabu mbili zikishakubaliana bei, bado mchezaji mwenyewe lazima akae mezani akubali maslahi yake, na akikataa, biashara imekwisha. Katika besiboli ya Marekani timu hubadilishana wachezaji pamoja na mikataba yao, na mchezaji hupigiwa simu akaambiwa kwamba kuanzia sasa yeye ni wa mji mwingine. Mwenye haki ya kukataa ni yule aliyetimiza miaka 10 katika ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa na timu hiyohiyo, au yule aliyeandikiwa kinga hiyo katika mkataba wake. Hata hicho kidogo kilipatikana kwa jasho la watu. Mwaka 1969 Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis Cardinals, alikataa kupelekwa Philadelphia kama mzigo, akafungua kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa mwaka 1972, kazi yake ya mpira ikiwa imeshakwisha. Baba yangu, nilipomsimulia kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, basi huyo ndiye aliyewafungulia njia wenzake, na yeye mwenyewe hakupita." Sijawahi kusikia mtu wa huku akilieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Sasa Devers. Alisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 313.5 mwanzoni mwa 2023, na sote tuliamini kwamba huyu atazeekea Fenway Park, uwanja wa Red Sox. Februari 2025 timu ikamsajili Alex Bregman na kumpa ulinzi wa kituo cha tatu, ambayo ndiyo namba aliyoizoea Devers, naye Devers akahamishiwa kazi ya kupiga tu. Mwezi Mei Triston Casas, mlinzi wa kituo cha kwanza, akaumia goti vibaya, na Devers alipoombwa kuziba pengo hilo, akakataa, akisema kwamba ameshahamishwa mara moja. Baba aliposikia habari hiyo aliuliza swali ambalo kocha yeyote wa nyumbani angeliuliza: kijana amekataaje kucheza namba aliyopangiwa wakati timu ina shida? Nami nakiri kwamba hapo Devers alikosea, kwa sababu mtu anayelipwa kiasi hicho ana deni kwa wenzake wa chumba cha kubadilishia nguo. Lakini waliomsajili Bregman ndio walioanza kuuvunja uaminifu, na kiongozi mwenye hekima angemwita mchezaji wake mkubwa akazungumza naye mapema, kabla mambo hayajaharibika. Kwa kumpeleka San Francisco, Red Sox walipata wachezaji wanne na wakajitua zaidi ya dola milioni 250 zilizobaki katika mkataba. Siku tano tu baadaye ratiba iliwapeleka Red Sox San Francisco kwenyewe, na Devers akawapiga mpira uliovuka ukuta akiwa na jezi ya Giants.

Haki niitendee timu: bila Devers walifika hatua ya mtoano, wakatolewa na Yankees kwa michezo miwili kwa mmoja. Uamuzi ule haukuua msimu. Ndiyo maana linaloniumiza zaidi mpaka leo ni lile la Mookie Betts.

Betts alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2018, mwaka ambao Red Sox walichukua ubingwa, na tangu hapo hawajauchukua tena. Anakimbia, anadaka, anapiga, anarusha. Ni mchezaji ambaye hata mtu asiyejua besiboli akimtazama kwa nusu saa anatambua kwamba huyu si sawa na wengine. Ligi ina kiwango cha mishahara ambacho timu ikikivuka hutozwa kodi, na Boston walikuwa wamekivuka miaka miwili mfululizo, huku Betts akibakiza msimu mmoja kuwa mchezaji huru. Februari 2020 wakampeleka Los Angeles Dodgers, pamoja na mrushaji David Price, wakapewa Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Miezi michache baadaye Dodgers wakampa Betts mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 365, na akiwa nao amechukua ubingwa wa 2020, 2024 na 2025. Verdugo baadaye alipelekwa Yankees, na Downs alicheza Boston mechi za kuhesabika kabla ya kuachwa. Hoja ya kodi niliisoma na kuielewa, lakini timu inayojaza Fenway kwa tiketi za bei ile haiwezi kunishawishi kwamba ilishindwa kumlipa mtoto iliyemlea yenyewe. Wazee wa huku hukumbusha kwamba Boston ilimuuza Babe Ruth kwa Yankees msimu wa 1919 ulipokwisha, kisha ikakaa hadi 2004 bila ubingwa, miaka 86 tangu ule wa 1918. Mimi si muumini wa laana. Naamini tu kwamba kosa linaloweza kurudiwa baada ya miaka 100 ni kosa ambalo wenye timu hawakulisikia maumivu yake kama tulivyoyasikia sisi.

Agosti 2023 Betts alirudi Fenway kwa mara ya kwanza akiwa na Dodgers, nami nilinunua tiketi ya mbali kabisa, juu ambako upepo unapuliza. Alipotangazwa jina kwenda kupiga, uwanja mzima ulisimama. Makofi hayakuwa ya adabu tu. Watu walipiga kelele kama wanaompokea ndugu aliyekuwa safarini, na yeye akainua kofia yake. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alivaa jezi ya Boston yenye jina la Betts na namba 50, ileile ya zamani, na alikuwa analia huku akipiga makofi. Nami nilisimama. Niliwaza kama mtu wa Msimbazi, yaani sisi wa Simba, angeweza kufanya vile.

Maana mwaka uliofuata, Julai 2024, Clatous Chama alimaliza mkataba wake Simba akaenda kwa mahasimu wetu, Yanga. Hakuna aliyemtuma wala kumuuza. Muda wake ulikwisha, akachagua mwenyewe, haki ambayo Curt Flood aliitafuta mpaka akapoteza kila kitu. Maneno niliyoyasoma katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu siwezi kuyaandika hapa. Mtu aliyetupa furaha ile yote, mabao ya usiku wa Ligi ya Mabingwa ambayo tulikesha kuyatazama huku kazini kukitungoja asubuhi, aligeuka msaliti kwa usiku mmoja. Wenzetu wa Yanga nao walipitia yao kwa Feisal Salum, aliyetangaza kuondoka Desemba 2022 na kurudisha fedha ili avunje mkataba. Shauri likafika kwenye kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, akaambiwa bado ni mchezaji wa Yanga, na nusu ya mwaka ikapita kijana hachezi, mpaka Rais Samia alipowaomba viongozi wa klabu walimalize na akauzwa Azam Juni 2023. Katika ule mgogoro kila upande ulikuwa na hoja ya kisheria. Nilichokikosa ni mtu wa kusema hadharani: asante kwa kazi uliyotufanyia.

Nisieleweke kwamba nawasifu Red Sox kwa kila jambo. Historia yao ina doa ambalo sisi watu weusi tunaoishi hapa hatulipiti tukalifumbia macho. Aprili 1945 Jackie Robinson, mchezaji mweusi, aliitwa Fenway Park kufanyiwa majaribio, akaonyesha alichonacho, na hakupigiwa simu tena. Miaka miwili baadaye alianza kucheza Brooklyn na kubadilisha mchezo mzima. Boston ilikuwa timu ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mtu mweusi, Pumpsie Green, Julai 1959. Kwa maoni yangu usajili mbaya kuliko wote katika historia ya timu hii, ukizidi hata ule wa Ruth na ule wa Betts, ni huo ambao hawakuufanya kwa sababu ya rangi ya mtu. Lakini nawapa hili: mwaka 2009, ilipotimia miaka 50, walimwita Green, mzee tayari, akarusha mpira wa ufunguzi katika uwanja uleule. Hakuwa nyota. Alikuwa mchezaji wa kawaida aliyebeba mzigo usio wa kawaida, na alikumbukwa kwa jina lake.

Hapo ndipo moyo wangu unapobaki. Huku mchezaji wa zamani ana mahali pake. Namba 34 ya David Ortiz, 45 ya Pedro Martinez na 9 ya Ted Williams zimetundikwa upande wa kulia wa uwanja, na hakuna mchezaji wa Boston atakayezivaa tena. Nomar Garciaparra, aliyeondolewa Julai 2004 miezi mitatu tu kabla ya ubingwa tulioungoja miaka 86, alirudishwa Machi 2010 kwa mkataba wa siku moja ili astaafu akiwa mtu wa Red Sox. Na zaidi ya heshima kuna mkate. Kwa makubaliano ya mwaka 1980 kati ya chama cha wachezaji na wenye timu, mchezaji aliyekaa siku 43 tu katika kikosi cha ligi kuu anapata haki ya pensheni. Makubaliano hayo yaliwaacha nje mamia ya waliocheza muda mfupi kabla yake, nao wameendelea kudai hadi walipopewa malipo kidogo mwaka 2011, kwa hiyo hata huku kazi haijakamilika. Ila sisi hatujaianza.

Kikosi cha Simba kilichofika nusu fainali ya Afrika mwaka 1974, Taifa Stars waliokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye fainali za Mataifa ya Afrika na kubaki peke yao katika sifa hiyo kwa miaka 39: wangapi katika hao tumewahi kuwaona wamepangwa katikati ya Uwanja wa Mkapa, majina yakisomwa mmoja mmoja, kabla ya dabi kuanza? Klabu zetu sasa zina wadhamini, zinauza jezi kwa maelfu, zinasajili kutoka pande zote za Afrika. Asilimia ndogo ya kila tiketi ya dabi, ikiwekwa katika mfuko wenye hesabu za wazi, ingewatibu wazee hawa bila kupitisha bakuli la mchango mtandaoni kila mmoja wao anapolazwa.

Desemba nilipokwenda likizo Tanga, baba alinipeleka kwa jirani yetu anayeziba pancha za baiskeli chini ya mwembe. Miaka yote ya utoto wangu nilimjua kwa kazi hiyo. Sikujua kwamba alikuwa katika kikosi cha Coastal Union kilichochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988. Alitoa picha ya timu kutoka katika mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, mistari ya mikunjo ikiwa imewapita wachezaji wawili usoni, na akawataja wote kutoka kushoto bila kusita, wakiwamo wale wawili. Nikamsimulia habari za Boston, mzee wangu wa zamuni na kofia yake, Devers na ule mpira wa Jumapili. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa gundi, kisha akauliza kama huyo Devers, siku akistaafu, wataweza kumwita tena pale uwanjani walipomfukuza. Nikamwambia naamini watamwita. Akaitikia kwa kichwa, akaikunja picha kwa mikunjo yake ileile, akaendelea kutafuta tundu katika mpira wa baiskeli ndani ya beseni la maji.